Mwanga wa Kujazia katika Upigaji Picha za Ndege

Msitu wa Arabuko-Sokoke, katika kaunti ya Kilifi, ni mojawapo ya makao machache ya chozi wa Amani duniani. Ndege huyu mdogo, aliyemo katika hatari ya kuangamia, aghalabu hujitafutia chakula juu ya miti ya mirihi. Dume ana kichwa na koo vya kijani kilichokoza chenye mng'ao, na tumbo jeupe. Mpiga picha anapomwelekezea kamera kutoka chini, nyuma ya ndege huwa ni mbingu iliyojaa nuru. Kamera huupima mwanga wa mbingu hiyo na kumwacha ndege akiwa kivuli cheusi. Katika hali hiyo ni vigumu kumtofautisha na chozi mwingine wa msitu uo huo, ambaye tumbo lake ni la manjano. Picha iliyokusudiwa kuwa ushahidi hubaki bubu.

Hapo ndipo unapohitajika mwanga wa kujazia, yaani mmweko wa flashi unaotumiwa mchana. Istilahi hii yajieleza yenyewe, kwani kujazia si sawa na kujaza. Anayejaza mtungi huanza na mtungi mtupu. Anayejazia hukuta maji yamo tayari, akaongeza yaliyopungua. Vivyo hivyo, jua husalia kuwa chanzo kikuu cha mwanga, nayo flashi hupunguza weusi wa kivuli tu.

Kwa sababu hiyo, mpiga picha huanza kwa kuipima nuru ya mahali penyewe. Kisha huipunguza nguvu ya flashi kwa hatua 1 hadi 2. Kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu, hivyo hatua 2 huacha robo tu. Ikizidi, manyoya hung'aa kama bati, na mandhari ya adhuhuri huweza kuonekana kama usiku.

Umbali nao una kanuni yake. Ndege aliye mita 10 hupata robo tu ya mwanga ambao angeupata akiwa mita 5. Ndiposa wapigaji picha wengi hutanguliza lenzi ya Fresnel mbele ya flashi ili kuukusanya mwanga. Lenzi hiyo isiachwe wazi juani, maana yaweza kuikusanya miale ya jua na kuiyeyusha flashi. Isitoshe, flashi ikikaribiana mno na lenzi ya kamera, mwanga huakisiwa kutoka ndani ya jicho la ndege, na jicho likawaka isivyo kawaida. Dawa yake ni kuiinua flashi juu ya kamera kwa mkono wa chuma.

Hata hivyo, mbinu hii ina mipaka. Katika msitu huo huo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye huwinda usiku. Gizani flashi haijazii tena, bali hujaza. Mmweko wake huyapiga macho yaliyofunguka kwa ajili ya giza. Kwenye kiota pia, ni heri kuizima kuliko kumsumbua ndege anayelea makinda.

Kwa kuhitimisha, mwanga wa kujazia hufaulu pale ambapo mtazamaji anayaona manyoya ya chozi katika rangi zake halisi, bila kutambua kwamba flashi ilitumika.