Kenjiro Shinozuka, mtu wa mshahara aliyeshinda Dakar

Muulize mtu yeyote anayependa magari pale kijiweni akutajie madereva watatu wa Kijapani. Ataanza na wale waliofika Formula One, na kama ni mfuatiliaji wa Safari Rally ya Kenya atakuongezea Takamoto Katsuta, yule wa Toyota aliyemaliza wa pili Naivasha mwaka 2021. Jina la Kenjiro Shinozuka halitoki haraka. Lakini huyu ndiye Mjapani wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia wa rali, na ndiye Mjapani wa kwanza kushinda Dakar. Na yote mawili aliyafanya hapa hapa Afrika, si Ulaya, wala si kwao.

Nina sababu mbili za kumwandika. Ya kwanza ni nyepesi: nasoma uhandisi mitambo na magari ndiyo ugonjwa wangu. Ya pili ndiyo inayonisumbua. Kila wiki hosteli kwetu kuna ubishi ule ule: umalize kozi, upate ajira, utulie, au ufuate kile roho inachopenda hata kama hakina mshahara? Watu wanagawana pande mbili kama Simba na Yanga. Shinozuka alianza rali akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akaajiriwa na kampuni moja, akabaki nayo zaidi ya miaka thelathini. Huwezi kumweka upande wowote wa ubishi wetu ukamaliza.

Kwanza tuelewane kuhusu rali, maana wengi wetu tukisikia mbio za magari tunaona zile za kuzunguka uwanja mmoja, magari yote yakiondoka kwa pamoja. Kwenye rali kila gari linaondoka peke yake, lingine linafuata baada ya dakika kadhaa, na adui wako ni saa. Ndani mnakaa wawili: dereva na msoma ramani. Msoma ramani anasoma kona kabla haijaonekana, dereva anaendesha kile anachosikia kabla ya kile anachokiona. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani upande wa kulia.

Shinozuka alizaliwa Novemba 1948. Akasoma Chuo Kikuu cha Tokai, na akiwa bado mwanafunzi akaingia kwenye rali za ndani. Mwaka 1971 akaajiriwa Mitsubishi. Hakuajiriwa kama staa, aliajiriwa kama kijana mwingine yeyote aliyemaliza chuo. Japani, hasa enzi hizo, ukiingia kampuni kubwa unaingia kwa maisha: unapanda ngazi polepole na unastaafu na kitambulisho kile kile. Yeye aliingia mfumo huo akiwa na usukani mkononi, akawa bingwa wa rali kwao Japani, na kampuni ikaona ina mtu ndani ya nyumba.

Pasaka ya mwaka 1976 wakamleta Safari Rally. Hapa inabidi nikae kidogo.

Safari ya zamani haikuwa hii ya leo ya siku nne na hatua fupi zilizofungwa. Ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikimbia maelfu ya kilomita kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Yaani wewe unakimbiza muda, mbele yako kuna basi, ng'ombe, mama na kuni zake kichwani. Pasaka ni msimu wa masika pia, kwa hiyo asubuhi ni vumbi, mchana ni tope la kuzamisha magurudumu. Ndiyo maana magari ya Safari yalikuwa na sura yake: ngao kubwa ya chuma mbele, bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu hadi usawa wa paa ili injini isimeze maji, na taa kubwa zilizowaka hata mchana ili watu na mifugo wakuone ukiwa mbali. Anayejua kukanyaga mafuta tu hakufika. Alifika aliyejua lini ainue mguu.

Mwaka ule Mitsubishi Lancer zilichukua nafasi tatu za kwanza. Aliyeshinda alikuwa Mkenya, Joginder Singh, aliyekuwa akiitwa Simba wa Kenya, na ulikuwa ushindi wake wa tatu. Shinozuka, mara yake ya kwanza, akamaliza wa sita. Miaka 27, ugenini, barabara hajazizoea, wa sita. Kwa mtu wa nje hiyo si nafasi ya kudharau hata kidogo, maana wageni wengi wenye majina makubwa walikuja Safari miaka na miaka wakarudi kwao na gari limebebwa.

Ungedhani baada ya hapo mlango umefunguka. Wapi! Miaka ile bei ya mafuta ilikuwa imepanda dunia nzima, sheria za moshi zimekaza, na Mitsubishi ikajiondoa kwenye mashindano. Dereva hakuachishwa kazi. Alirudi ofisini. Kwa miaka kama minane mtu aliyemaliza wa sita Safari alikuwa mwajiriwa wa kawaida, anaingia asubuhi, anatoka jioni. Sehemu hii ya maisha yake waandishi wengi wanairuka kwa sentensi moja, na naelewa kwa nini, hakuna cha kusimulia. Lakini hesabu mwenyewe. Kuanzia miaka 29 hadi 37 hivi, umri ambao dereva anakuwa kwenye ubora wake, yeye yuko mezani. Sisi mtu akipata supu moja anatangaza kwamba maisha yamekwisha.

Akarudi mwaka 1986, na safari hii ni jangwani. Paris-Dakar ilikuwa imeanza mwishoni mwa mwaka 1978, na Wajapani waliipenda mpaka wakaifupishia jina, wakaiita Paridaka. Mitsubishi ilikuwa na Pajero, gari tunalolijua vizuri huku kwetu, na hakukuwa na tangazo bora la Pajero kuliko kulipeleka Sahara likarudi zima. Dakar inataka akili tofauti na Safari. Barabara mara nyingi haipo. Una kitabu cha njia kinachokuambia umbali na mwelekeo, msoma ramani anatafuta alama, na dereva anasoma mchanga. Mchanga wa asubuhi ni mgumu kidogo, wa saa nane mchana umelegea. Tairi lenye upepo mwingi linazama, kwa hiyo unapunguza upepo ili lipanuke likanyage eneo kubwa, ukifika kwenye mawe unajaza tena, la sivyo limepasuka. Hii ni fizikia ya sekondari kabisa, shinikizo ni kani gawanya kwa eneo, ila unaifanya kwenye joto kali huku saa inakimbia.

Mwaka 1987 akamaliza wa tatu. Mwaka 1988 wa pili, na mwaka huo ndio wa kile kituko cha Bamako: Peugeot ya Ari Vatanen, aliyekuwa anaongoza, iliibwa usiku. Ilipopatikana muda wake wa kuondoka ulikuwa umepita, akaondolewa mashindanoni. Juha Kankkunen, wa Peugeot pia, akashinda, na Shinozuka na Pajero yake wakafuata. Mwaka huo huo akawa bingwa wa kwanza wa rali za Asia na Pasifiki, akiendesha Galant VR-4. Hebu fikiria: Januari jangwani, miezi inayofuata kwenye misitu na changarawe upande wa pili wa dunia, na gari tofauti kabisa.

Galant hiyo hiyo, yenye turbo na inayozungusha magurudumu yote manne, ndiyo aliyoipeleka Ivory Coast. Rali ya kule ilikuwa na sifa mbaya kuliko hata Safari: mwaka 1972 hakuna gari hata moja lililofika mwisho. Barabara nyekundu katikati ya msitu na mashamba, mvua, unyevunyevu unaochosha watu na mashine. Mwaka 1991 Shinozuka akashinda. Hakuna Mjapani aliyewahi kushinda raundi ya ubingwa wa dunia kabla yake. Mwaka 1992 akarudi, akashinda tena.

Wapo wanaosema ushindi huo ni wa bei rahisi, kwa sababu Ivory Coast ilihesabiwa kwa madereva tu, haikuhesabiwa kwa makampuni, kwa hiyo timu kubwa za Ulaya hazikupeleka watu wao wa juu. Hoja ina ukweli ndani yake na siwezi kuikataa. Kwenye sekunde kwa sekunde, kwenye lami ya Corsica au theluji ya Uswidi, Shinozuka hakuwa wa kuwatisha akina Kankkunen na Carlos Sainz. Lakini nauliza, kwa nini wakubwa hawakwenda? Kwa sababu ilikuwa mbali, ghali, na inavunja magari. Kuepuka mtihani kisha kusema mtihani ulikuwa rahisi, hapana jamani. Halafu ushindi wa rali ngumu unajengwa na kazi isiyoonekana kwenye picha: kujua kelele ipi ya gari ni ya kawaida na ipi ni ya kusimama, kulifikisha kwa mafundi likiwa bado linatengenezeka. Kwenye hilo nadhani miaka yake ndani ya kampuni ilimsaidia. Mtu anayewafahamu waliotengeneza gari huwa analiendesha kwa adabu.

Mwaka 1994 alikuwa wa pili Safari na Lancer, nyuma ya Mkenya Ian Duncan. Mwaka 1995, Safari ikiwa nje ya kalenda kuu ya ubingwa wa dunia, akawa wa pili tena. Na safari hii aliyemtangulia alikuwa Mjapani mwenzake, Yoshio Fujimoto wa Toyota. Sijui kama kuna kitu kinauma kama hicho, umeifukuza Safari tangu mwaka 1976 halafu Mjapani wa kwanza kuishinda anakuwa mwingine.

Dakar lakini ikamlipa. Januari 1997 mbio zilianzia Dakar kwenyewe, zikaenda mpaka Agadez nchini Niger, zikarudi Dakar, takriban kilomita 8,000, zote ndani ya Afrika. Shinozuka alikuwa na miaka 48, akiwa ameshamaliza wa pili mara moja na wa tatu mara tatu. Akashinda. Mwaka uliofuata akawa wa pili, na mwaka 2002 wa tatu, nyuma ya Mjapani mwingine, Hiroshi Masuoka, aliyeshinda.

Halafu likatokea jambo ambalo watu wa upande wa ajira hosteli kwetu huwa hawalipendi nikiwasimulia. Mwaka huo wa 2002, baada ya miaka 31, Shinozuka aliondoka Mitsubishi. Hakuondoka kwenda kupumzika kijijini, aliondoka ili aendelee kuendesha, akaenda Nissan. Dakar iliyofuata alipata ajali mbaya sana iliyompeleka hospitali. Mwaka 2004 alirudi tena kuanza Dakar. Hapo mimi mwenyewe ningemshauri akae nyumbani, lakini hakuna aliyeniuliza.

Sehemu inayotuhusu wanafunzi moja kwa moja imekuja mwishoni. Chuo chake cha zamani, Tokai, kilikuwa na timu iliyounda gari la nguvu za jua, na wakamwita awe mmoja wa madereva. Gari la jua ni kinyume cha Pajero. Ni jepesi, limelala chini kama karatasi, na dereva mzuri ni yule anayetumia umeme kidogo zaidi: anaangalia mawingu, mteremko, upepo, anabana matumizi kama mtu ambaye bumu limechelewa. Mwaka 2008 Tokai walishinda mbio za magari ya jua za Afrika Kusini. Mwaka 2009 wakaenda Australia, kutoka Darwin hadi Adelaide, kama kilomita 3,000, wakawapiga Waholanzi wa Delft waliokuwa wameshinda mara nne mfululizo. Kwenye timu hiyo kulikuwa na wanafunzi wa rika letu, na mzee wa miaka 60 anayepokezana nao usukani.

Katsuta alipopanda jukwaani Naivasha mwaka 2021, Mjapani wa mwisho kusimama kwenye tatu bora za raundi ya ubingwa wa dunia alikuwa Shinozuka, kwenye Safari ile ya mwaka 1994. Miaka 27 katikati. Shinozuka alifariki Machi 2024 akiwa na miaka 75. Siku kumi hivi baadaye Safari ikaanza, ikiwa imerudishwa Pasaka kama zamani, na Katsuta akamaliza wa pili.