Si kila mkojo wa moto ni gono

Mwanamume akiwashwa njia ya mkojo hukimbilia duka la dawa, na huko husema shida yake kwa kunong'ona. Anapewa vidonge vya gono, anatulia siku mbili tatu, kisha moto unarudi. Kufikia safari ya tatu dukani, nyumbani hapakaliki: mke ameshatuhumiwa.

Kwa mkulima wa mpunga wa bonde la Ruvuma, upande wa Kitaya au Mahurunga, mimi huanza na swali lisilomgusa mwanamke yeyote: unaoga wapi?

Kichocho cha mkojo huletwa na mnyoo anayekulia ndani ya konokono wadogo, Bulinus, wanaokaa kwenye maji baridi yaliyotulia: madimbwi yanayoachwa na mto, mifereji ya mashamba, malambo. Chumvi hawaiwezi. Mvuvi wa Msimbati hakitoi baharini. Akikipata, amekipata bwawani alikokwenda kujisuuza chumvi. Viluwiluwi vya mnyoo hupenya ngozi isiyo na hata mchubuko, kwa dakika chache tu. Baada ya wiki kadhaa dume na jike huwa wamekumbatiana ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu, na jike anataga kila siku, kwa miaka.

Kila yai lina mwiba nchani. Yanayotoboa ukuta wa kibofu hutoka na mkojo na kuacha damu. Yanayokwama huviringwa na kovu. Yakikwama kwenye tezi dume au vifuko vya shahawa, mtu huhisi uzito kinenani, maumivu anapomwaga, na shahawa zenye rangi ya kutu. Antibaiotiki haimgusi mnyoo huyu.

Wengi huniambia mkojo wao ni msafi. Wanatazama mwanzo wake. Damu ya kichocho hupenda kuja na matone ya mwisho.

Kisonono na klamidia bado vipo, na sukari nayo huleta fangasi wa kuwasha, kwa hiyo pima vyote. Ila kipimo cha kichocho kina saa yake. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na mkojo wa alfajiri unaweza kukudanganya.

Tiba ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula. Watoto huipata shuleni kwenye kampeni; baba yao, aliyemaliza shule zamani na bado anakanyaga maji yaleyale, husahaulika. Dawa huua minyoo mikubwa, michanga hubaki, ndiyo maana tunakuita tena baada ya wiki chache.

Ukiwahi foleni ya kliniki saa 1, usikimbilie kujaza kichupa. Kunywa maji, tembeatembea uani, ukojoe karibu na adhuhuri, na matone yale ya mwisho yaingie humo.