Homoni Zinapolipita Ini: Ufafanuzi wa Vivimbe vya Nyuroendokrini na Sindromu ya Karsinoidi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua vivimbe vya nyuroendokrini vinavyozalisha homoni, pamoja na sindromu ya karsinoidi, yaani kundi la dalili zinazoandamana kutokana na homoni hizo. Maradhi haya ni adimu, lakini dalili zake si ngeni: kuhara, fukuto la uso, kubanwa kifua na kuvimba miguu. Kwa kuwa dalili hizi zimezoeleka, kila moja hupatiwa maelezo yake na dawa yake, huku chanzo chake kikiendelea kukua. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba sindromu hii hueleweka vyema inapotazamwa kupitia kazi ya ini. Msomaji akishajua ini huifanyia nini homoni itokayo utumboni, atabaini pia kwa nini dalili huchelewa kujitokeza na kwa nini, zikishajitokeza, hazistahili kupuuzwa.

2.0 Asili ya Vivimbe na Jina Lake

Seli za nyuroendokrini zina sifa mbili kwa pamoja. Hupokea taarifa kutoka katika neva, na hutoa homoni katika damu kama zifanyavyo tezi. Seli hizi zimetawanyika katika viungo vingi, hususani utumbo, kongosho na mapafu. Zinapogawanyika bila kudhibitiwa, hujenga uvimbe. Baadhi ya vivimbe hivyo huendelea kumwaga homoni pasipo kujali mahitaji ya mwili. Hata hivyo, vilivyo vingi havitoi homoni kwa kiwango cha kuleta dalili, na hugunduliwa kwa bahati tu au vinapoziba njia ya chakula.

Jina karsinoidi lilitolewa mwaka 1907 na Siegfried Oberndorfer, mwanapatholojia wa Kijerumani aliyefanya kazi München. Maana yake ni kitu kinachofanana na saratani. Oberndorfer alichunguza vivimbe vidogo vya utumbo mwembamba vilivyokua polepole, akavihesabu kuwa havina hatari. Mwaka 1929 aliurekebisha mtazamo huo na kueleza kwamba vinaweza kuwa saratani kamili na kusambaa. Jina la awali lilibaki, na pamoja nalo ikabaki faraja isiyo na msingi. Leo wataalamu hupendelea istilahi ya vivimbe vya nyuroendokrini. Vivimbe ambavyo seli zake bado zinafanana na seli za asili hupangwa katika madaraja kwa kupima asilimia ya seli zilizo katika kugawanyika, kwa kipimo kiitwacho Ki-67: chini ya 3 ni daraja la kwanza, 3 hadi 20 ni la pili, na zaidi ya 20 ni la tatu.

3.0 Nafasi ya Ini

Homoni inayohusishwa zaidi na sindromu hii ni serotonini. Mwaka 1953 Fred Lembeck alibainisha kuwamo kwake ndani ya uvimbe wa karsinoidi, na mwaka uliofuata watafiti wa Uswidi, akiwamo Jan Waldenström, waliieleza sindromu yenyewe kwa ukamilifu.

Damu itokayo utumboni hairudi moyoni moja kwa moja. Kwanza hupita katika ini, ambalo tunaweza kulifananisha na forodha ya bandari: shehena yote hukaguliwa humo kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Uvimbe ulio utumboni unaweza kumwaga serotonini kwa muda mrefu, na ini likaivunja yote. Katika kipindi hicho mgonjwa hahisi chochote. Seli za uvimbe zinaposafiri na kuota ndani ya ini lenyewe, homoni zake huingia katika mishipa inayotoka kwenye ini kuelekea moyoni bila kupita kwenye ukaguzi. Hapo ndipo dalili huanza. Kwa sababu hiyo, sindromu ya karsinoidi inayotokana na uvimbe wa utumbo kwa kawaida huashiria kwamba uvimbe umekwishafika katika ini. Vivimbe vya mapafu na vya ovari huweza kwenda kinyume na kanuni hii, kwani damu yake hairudi kwa kupitia ini.

4.0 Dalili na Namna Zinavyopotosha

Dalili ya kwanza ni fukuto la ghafla usoni, shingoni na kifuani, ambalo huchochewa na pombe, chakula au mfadhaiko. Vitabu vingi hulieleza kwa kutaja wekundu wa ngozi. Maelezo hayo yana upungufu kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi, ambao wekundu wao hauonekani kwa urahisi. Kwao, swali kuhusu joto analolihisi mgonjwa lina thamani kuliko jicho la mtazamaji. Kwa mwanamke wa makamo, fukuto hilo huweza kuhesabiwa kuwa ni ukomo wa hedhi.

Dalili ya pili ni kuhara majimaji, ambako huendelea hata mgonjwa anapofunga kula. Mahali ambapo amiba na minyoo ni maradhi ya kila siku, mgonjwa anaweza kumaliza dozi nyingi kabla ya mtu kushuku jambo jingine. Dalili ya tatu ni kifua kubana na kukoroma kwa pumzi, hali inayofanana na pumu.

Madhara mawili hujengeka taratibu. Serotonini hutengenezwa kutokana na triptofani, ambayo mwili huitumia pia kutengeneza niasini. Kwa kawaida takribani asilimia 1 tu ya triptofani ya chakula hugeuzwa kuwa serotonini. Kwa mgonjwa wa sindromu hii kiasi hicho huweza kufikia asilimia 60. Niasini ikipungua, mgonjwa huweza kupata pelagra, maradhi ambayo kwa jamii zinazotegemea mahindi hudhaniwa upesi kuwa ni matokeo ya lishe duni pekee. Aidha, homoni zinazotoka katika ini hufikia kwanza upande wa kulia wa moyo, ambako vali hukakamaa kwa makovu. Hatimaye miguu na tumbo huvimba. Mapafu huvunja sehemu kubwa ya serotonini, ndiyo maana upande wa kushoto kwa kawaida husalimika.

Vivimbe vya kongosho huleta sura nyingine. Kinachotoa insulini hushusha sukari, na mgonjwa aliyekaa bila kula hutokwa jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa au huzimia, hata akadhaniwa ana kifafa. Kinachotoa gastrini husababisha vidonda vya tumbo visivyokoma, kama Zollinger na Ellison walivyoeleza mwaka 1955.

5.0 Upimaji na Tiba

Kipimo cha msingi cha serotonini hufanywa kwa mkojo uliokusanywa kwa saa 24, ambamo hutafutwa zao lake liitwalo 5-HIAA. Ndizi, mananasi, parachichi na nyanya huweza kupandisha kiwango hicho, hivyo huachwa kwa siku 2 hadi 3 kabla ya kupima. Agizo hili lina uzito wa pekee pale ambapo ndizi ndiyo mlo mkuu. Kromogranini A hupimwa katika damu, lakini nayo hupandishwa na dawa za kupunguza asidi ya tumbo, mathalani omeprazoli. Picha za skani huonyesha mahali uvimbe ulipo, na kipande cha nyama yake huchunguzwa kwa hadubini ili kuthibitisha.

Upasuaji ndio tiba yenye uwezekano wa kuponya, hasa uvimbe usiposambaa. Pale uliposambaa, hutegemewa dawa zinazoiga somatostatini, homoni iliyobainishwa mwaka 1973 katika maabara ya Roger Guillemin huko California. Somatostatini yenyewe hudumu dakika chache katika damu. Oktreotidi hudumu zaidi, na aina yake ya kutolewa polepole huchomwa kila baada ya wiki 4. Dawa hizi hupunguza dalili na huchelewesha ukuaji wa uvimbe. Tiba ya lutesiamu 177, inayopeleka mionzi hadi kwenye seli za uvimbe, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Mtoa usingizi naye sharti aarifiwe kabla ya upasuaji, kwani uvimbe ukiguswa huweza kumwaga homoni kwa wingi na kuyumbisha shinikizo la damu kiasi cha kuhatarisha maisha.

6.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba dalili za sindromu hii huchelewa kwa sababu ini hulinda mwili, na hujitokeza ulinzi huo unapopitwa. Mganga wa zahanati hana skani wala maabara ya homoni, lakini anaweza kuuliza maswali matatu: Je, kuhara huendelea hata usipokula? Je, huandamana na fukuto la uso? Je, kifua nacho hubana? Majibu ya ndiyo hayathibitishi uvimbe, lakini yanatosha kumpa mgonjwa rufaa badala ya dozi nyingine. Vivimbe vingi vya aina hii hukua polepole, na mgonjwa anaweza kuishi navyo kwa miaka mingi iwapo vitatambuliwa kabla moyo haujaharibika.