Mchezaji wa akiba si makombo ya timu

Juma lililopita nilisimama kando ya uwanja wa mpira wa vikapu, nikitazama vijana wa shule mbili wakipimana nguvu. Kabla ya filimbi ya kwanza kocha wa wenyeji alisoma majina matano. Kijana mmoja mrefu, ambaye jina lake halikutajwa, alivua fulana ya timu, akaitupa benchini, akaenda kuketi peke yake chini ya mti. Katika robo ya tatu kocha alimwita aingie. Alikataa katakata. Timu yake ilishindwa kwa pointi mbili.

Mimi ni mtu wa isimu, na niliporudi nyumbani kilichonikera zaidi kilikuwa maneno. Kiswahili humwita asiyeanza mchezo "mchezaji wa akiba". Akiba ni kitu kilichotunzwa kwa sababu kina thamani. Hakuna mkulima atiaye makapi ghalani. Lakini kurasa zetu za michezo hunena pia kwamba fulani "anasugua benchi", kana kwamba ameajiriwa kung'arisha ubao kwa suruali yake. Yamkini kijana yule ameukulia msemo huu wa pili. Je, ana haki ya kununa? Swali hili lina majibu katika ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, ambako heshima ya mchezaji hupimwa kwa vikombe na kwa fedha.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kocha Red Auerbach wa Boston Celtics alianza kumweka Frank Ramsey nje kwa makusudi, si kwa udhaifu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mchezo una dakika 48, na watano wa kwanza hawawezi kukimbia dakika zote hizo. Mpinzani anapowapumzisha mahodari wake na kuingiza walio hafifu, Auerbach humwingiza mtu ambaye angeweza kuanza katika timu nyingine yoyote. Baada ya Ramsey, kazi hiyo alipewa John Havlicek, aliyejiunga na timu mwaka wa 1962. Baadaye Havlicek alipata nafasi ya kuanza, na alipostaafu mwaka wa 1978 alikuwa amefunga pointi 26,395 na kutwaa ubingwa mara 8. Benchi halikumpunguzia kitu. Ligi yenyewe ilikuja kulikiri jambo hili: tangu msimu wa 1982-83 hutoa tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Wa kwanza kuipata alikuwa Bobby Jones wa Philadelphia, na timu yake ikawa bingwa mwaka uo huo.

Hata hivyo, mfano niupendao ni wa Manu Ginobili. Mwargentina huyu alikuwa ameiongoza nchi yake kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 2004. Huyo si mtu wa kuambiwa asubiri zamu! Lakini kocha Gregg Popovich wa San Antonio Spurs alimwambia asubiri, naye akasubiri. Katika msimu wa 2007-08 alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa akiba huku akiongoza timu nzima kwa ufungaji, wastani wa pointi 19.5 kwa mchezo. Kati ya michezo 1,057 ya msimu wa kawaida aliyocheza maishani mwake katika NBA, alianza 349 tu. Mwaka wa 2022 aliingizwa katika jumba la wachezaji mashuhuri. Aghalabu dakika za mwisho za mchezo mgumu zilipowadia, yeye alikuwa uwanjani. Kwangu mimi, kigezo cha haki ni hicho: nani yuko uwanjani mambo yanapoamuliwa.

Sitaki kudanganya, hata hivyo, kwamba kuanza ni bure. Allen Iverson, mchezaji bora wa ligi mwaka wa 2001, alijiunga na Memphis mwaka wa 2009, akaingizwa kutoka benchi katika michezo mitatu, akaondoka. Wengi walimcheka. Mimi simcheki, kwa maana hadhi iliyojengwa kwa miaka mingi haivuliwi kama koti. Fauka ya hayo, pana fedha. Mkataba wa pamoja wa ligi na chama cha wachezaji wa mwaka wa 2011 uliweka kanuni kwamba kijana anayemaliza mkataba wake wa kwanza aweza kupandishiwa au kupunguziwa kiwango cha malipo anayoahidiwa, kutegemea kama ameanza michezo 41 au amecheza dakika 2,000 kwa msimu. Tazameni ile "au". Hata wanasheria walikiri kwamba dakika zina uzito sawa na kuanza.

Andre Iguodala alikuwa ameanza michezo yote 758 ya msimu wa kawaida aliyocheza tangu mwaka wa 2004. Mwaka wa 2014 kocha mpya wa Golden State, Steve Kerr, alimwomba aanzie benchi. Hakuanza hata mchezo mmoja wa msimu wa kawaida uliofuata. Katika fainali za mwaka wa 2015, timu ikiwa nyuma kwa michezo 2 kwa 1 dhidi ya Cleveland, Kerr alimwanzisha ili amkabe LeBron James tangu dakika ya kwanza. Walishinda michezo mitatu mfululizo, na Iguodala akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Ghala lilifunguliwa siku ya njaa.

Lakini angalieni kitenzi nilichotumia: alimwomba. Baada ya mchezo wa vijana nilimfuata yule kocha, mwalimu mwenzangu, nikamwuliza kama alikuwa amezungumza na kijana kabla ya kusoma majina.

"La, Daktari," akanijibu huku akikusanya mipira. "Alisikia pamoja na watazamaji."