Je, Wajua? Sumu ya Chura ni ya Kuazima

Je, wajua kwamba "vyura wa mishale" wako spishi 200 hivi, lakini zinazojulikana kwa hakika kutumika kutia sumu kwenye vishale ni tatu tu? Zote tatu ziko Kolombia, magharibi ya milima ya Andes, katika misitu yenye mvua nyingi inayoteremka hadi Bahari ya Pasifiki. Wenye ujuzi huo ni Waemberá, wawindaji wanaorusha vishale kwa kuvipuliza ndani ya mrija mrefu. Watu wengi wa Amazoni nao hupuliza vishale, ila sumu yao hutokana na mimea. Hata hivyo jina limeuenea ukoo mzima wa vyura hawa, kuanzia Nikaragua hadi Bolivia, ilhali baadhi yao ni wa rangi ya udongo tu na hawana sumu ya kutajika.

Je, wajua aliye mkali kuliko wote? Ni Phyllobates terribilis, mwenye urefu wa sentimita 5 hivi, na wengi wao ni wa manjano iliyokolea. Charles Myers, John Daly na Borys Malkin ndio waliomtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1978. Ngozi ya chura mmoja hubeba takriban miligramu 1 ya sumu iitwayo batrakotoksini, kiasi kinachokadiriwa kutosha kuua watu wazima 10. Waemberá hawamchomi wala hawamchuni. Husugua ncha ya kishale mgongoni mwake angali hai, basi. Kishale kikishakauka huweza kubaki na makali yake kwa zaidi ya mwaka mzima.

Kwa zile spishi nyingine mbili mambo yalikuwa ya kikatili zaidi. Nahodha wa Uingereza, Charles Stuart Cochrane, aliyetembea Kolombia mwaka 1823 na 1824, aliandika kwamba wawindaji waliwaweka vyura ndani ya mianzi mitupu. Sumu ilipohitajika, chura alipitishwa kijiti kuanzia kooni hadi kikatokea mguuni, na kwa maumivu akatoa jasho jeupe lenye povu mgongoni. Jasho hilo ndilo walilopaka.

Je, wajua sumu hii inaua vipi? Kwenye kuta za chembe za neva na misuli kuna milango midogo ya kupitisha sodiamu. Hufunguka na kufungika kwa kasi kubwa mno, na ndivyo ujumbe unavyosafiri mwilini. Batrakotoksini huushika mlango ukiwa wazi na kuuzuia usifungike tena. Neva haziwezi kutuma ujumbe mpya, misuli inakaza na kugoma kulegea, na moyo unapoteza mapigo yake.

Je, wajua kwamba chura huyohuyo, akizaliwa na kukulia kwenye kisanduku cha kioo, hana sumu hata chembe? Hapa ndipo ilipo siri kubwa ya viumbe hawa, na kwangu mimi hakuna jambo la kushangaza zaidi katika habari yao yote. Chura hatengenezi batrakotoksini yake, huila. Alkaloidi, kundi la kemikali ambamo sumu hii imo, zilizomo ngozini mwa vyura wa ukoo huu zimetoka kwa sisimizi, utitiri wa kwenye majani makavu, mbawakawa na jongoo wadogo. Anapowameza, mwili wake huichambua sumu, huisafirisha na kuihifadhi kwenye tezi za ngozi. Mlishe nzi wa matunda tu na utapata chura mwenye rangi zake zote asiyemdhuru yeyote. Na aliyekamatwa msituni akiwa mkubwa hukaa na sumu yake miaka kadhaa hata kama hali tena wadudu wenye sumu.

Ushahidi mmoja ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1932 vyura wa kijani na weusi, Dendrobates auratus, walichukuliwa kutoka Panama wakapelekwa kisiwa cha Oahu, Hawaii, ili wale mbu. Wakastawi huko. Miongo kadhaa baadaye Daly na wenzake walipozipima ngozi zao, walikuta mchanganyiko wa alkaloidi usiofanana na ule wa ndugu zao wa Panama. Chura ni yuleyule, wadudu ni wengine, na sumu ikafuata wadudu. Watoto wa vyura hao waliolelewa ndani kwa nzi wa matunda hawakuwa na sumu kabisa.

Je, wajua kwamba John Daly alikuwa akiwaonja? Akiwa msituni aligusa mgongo wa chura asiyemfahamu, kisha akagusisha kidole ulimini. Ulimi ukiwaka moto, chura alistahili kuchunguzwa. Kwa Phyllobates terribilis, mzaha huo haukuwapo. Kufikia mwaka 2005 alkaloidi zilizokwisha kutambuliwa kwenye ngozi za vyura, na Daly akiwa kinara wa kazi hiyo, zilizidi 800.

Je, wajua kuna ndege mwenye sumu hiyohiyo, ng'ambo ya pili ya Pasifiki? Mwaka 1989 mwanafunzi wa Kimarekani, John Dumbacher, alikuwa Papua New Guinea akitega ndege kwa nyavu. Pitohui mwenye manyoya ya chungwa na meusi akamkwaruza mkononi. Dumbacher akatia jeraha mdomoni kulifyonza, na mara midomo na ulimi vikawasha na kufa ganzi. Manyoya yalipofikishwa kwa Daly, jibu lilikuwa batrakotoksini. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1992. Wenyeji walikuwa wakijua tangu zamani kwamba nyama ya pitohui hailiwi hivihivi. Na ni wanakijiji wa Herowana waliowaonyesha watafiti mbawakawa mdogo mwenye kuwasha midomo, ambaye mwaka 2004 alithibitishwa kuwa na sumu ileile. Kwa hiyo ndege naye hula sumu yake.

Afrika Mashariki tunaye wetu wa kuazima. Panya mkubwa mwenye manyoya marefu, Lophiomys imhausi, hutafuna magome ya msunguti, mti uleule ambao Wakamba na Wagiriama walichemsha kupata sumu ya mishale, kisha hujipaka mate yenye sumu hiyo kwenye manyoya ya ubavuni. Manyoya ya sehemu hiyo yana vitundu vinavyofyonza. Mbwa akimng'ata huugua vibaya, na wengine hufa. Wanasayansi walieleza jambo hilo mwaka 2011 baada ya kumchunguza panya huyo nchini Kenya.

Na rangi ya onyo? Chura mweusi mwenye michirizi myekundu anayeishi mbugani kuanzia Somalia, Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, Phrynomantis bifasciatus, si ndugu wa karibu wa vyura wa mishale, lakini ngozi yake ina sumu na rangi zake zinasema hivyo. Ukimweka chombo kimoja na vyura wengine, huwaua. Vyura wadogo wa Madagaska waitwao mantela nao wana rangi kali na alkaloidi wanazozipata kwa wadudu, ingawa ukoo wao ni tofauti kabisa na ule wa Amerika.

Je, wajua rangi hizo zimepimwa kazi yake? Huko Kosta Rika watafiti walitandaza msituni vyura bandia wa kufinyanga, wengine wekundu na wengine wa kahawia, kisha wakahesabu alama za midomo ya ndege. Wa kahawia walishambuliwa karibu mara mbili ya wekundu.

Lakini rangi ina hila nyingine. Dendrobates tinctorius wa Guyana ya Kifaransa ana manjano na nyeusi zinazomeremeta ukimkaribia, ila kwa mbali michirizi hiyo huchanganyika na takataka za majani, asionekane. Hilo lilionyeshwa mwaka 2018. Aliye mbali haoni kitu, aliyekaribia anaonywa.

Je, wajua kwa nini chura hajiui? Kwa sumu moja, epibatidini, jibu lilipatikana mwaka 2017: badiliko dogo sana kwenye protini inayopokea sumu hiyo katika neva za chura huifanya isishike. Kwa batrakotoksini mambo ni mengine. Utafiti wa mwaka 2021 uliona kwamba milango ya sodiamu ya chura haina kinga yoyote, na watafiti wanaamini mwilini mwake kuna protini inayoikamata sumu kabla haijafika kwenye neva.

Je, wajua kuna nyoka anayemla Phyllobates terribilis? Ni Erythrolamprus epinephelus, nyoka wa kawaida tu, asiye mkubwa, ambaye mwili wake unaihimili sumu hiyo.

Sasa tuje kwenye malezi, kwa kuwa sumu imewanyima vyura hawa sifa wanayostahili zaidi. Je, wajua mama wa Oophaga pumilio, chura mwekundu asiyefika sentimita 2.5, anavyolea? Mayai machache hutagwa juu ya jani, nchi kavu. Baba huyalinda na kuyalowanisha kwa maji anayoyabeba mwilini. Yakianguliwa, mama huja, kiluwiluwi kimoja hupanda mgongoni mwake, naye hukwea mti hadi kwenye bromelia, mmea wa jamii ya mnanasi ambao majani yake huhifadhi maji ya mvua. Hukitia kiluwiluwi kwenye kidimbwi cha jani moja, akashuka kumchukua mwingine na kumtia kwenye kidimbwi kingine, kila mmoja na chake.

Kisha huwapitia mmoja mmoja kuwalisha, kwa wiki sita na zaidi. Akiingia majini, kiluwiluwi hunyoosha mwili, hukakamaa na kutetemeka mbele yake kuomba. Mama hugeuka, akataga mayai yasiyo na mbegu, na hicho ndicho chakula pekee ambacho mtoto anaweza kukulia. Mwaka 2014 ikabainika kwamba ndani ya mayai hayo mama hutia pia sumu yake. Viluwiluwi waliolishwa mayai ya vyura wasio na sumu hawakuwa na kinga yoyote. Mtoto asiyejua bado kukamata sisimizi tayari anabeba sumu aliyopewa na mama.

Je, wajua kuhusu ndoa? Ranitomeya imitator wa Peru alitangazwa mwaka 2010 kuwa amfibia wa kwanza kuthibitishwa kwa vipimo vya jeni kuwa mwaminifu kwa mwenzi mmoja: familia 11 kati ya 12 hazikuwa na mtoto wa nje. Sababu inayotajwa ni udogo wa kidimbwi. Maji hayana chakula cha kutosha, mzazi mmoja hawezi kazi hiyo. Baba hukagua watoto, na akiona wana njaa humwita mama kwa sauti aje kutaga.

Je, wajua kwamba katika visiwa vya Bocas del Toro, Panama, Oophaga pumilio yuleyule ni mwekundu kisiwa hiki, kijani kile, na buluu kingine? Bahari ilipanda mwishoni mwa enzi ya barafu na kuvitenga visiwa hivyo, na rangi zikachukua njia zake.

Je, wajua Allobates femoralis, binamu yao asiye na sumu, akichukuliwa mita 200 kutoka kwenye eneo lake hurudi nyumbani karibu kwa mstari ulionyooka? Baadhi walirudi hata kutoka mita 400, na huyo ni chura wa sentimita 3 hivi.

Je, wajua ngozi ya chura ilikaribia kuwa dawa ya maumivu? Mwaka 1974 Daly alikusanya Ecuador vyura wadogo wenye mistari. Kiasi kidogo cha kilichotoka ngozini kilipodungwa panya, mkia wake ulisimama ukapinda kuelekea mgongoni, kama ilivyo kwa panya aliyepewa mofini. Aliporudi kuwatafuta zaidi, vyura wa eneo moja walikuwa na kitu hicho, wa eneo jingine hawakuwa nacho. Waliozaliwa maabara nao hawakuwa nacho. Sampuli ndogo iliyobaki ikahifadhiwa hadi vifaa vilipoboreka, na mwaka 1992 umbo la epibatidini likachapishwa. Nguvu yake ya kutuliza maumivu ilipita ya mofini mara 200 hivi, na haikufuata njia ya mofini bali ile ya nikotini. Kwa bahati mbaya kipimo kinachotuliza kiko karibu mno na kinachoua. Kampuni ya Abbott ilitengeneza dawa iliyofanana nayo, ABT-594, ikajaribiwa kwa watu na kuachwa kwa sababu ya madhara yake. Hata hivyo ilionyesha njia mpya ya kutafuta dawa za maumivu, na msitu ungekatwa mapema isingejulikana.

Je, wajua ni nini kinawamaliza? Misitu inafyekwa, ukungu uitwao kitridi unaua amfibia dunia nzima, na kuna magendo. Mwezi Aprili 2019, uwanja wa ndege wa Bogotá, walinaswa vyura 424 waliofichwa ndani ya vikopo vya filamu za kamera. Januari 2024, uwanja huohuo, msafiri alikamatwa na vyura 130, nao wakiwa ndani ya vikopo kama hivyo. Oophaga lehmanni, mweusi mwenye pete nyekundu au za machungwa, anatafutwa sana na walanguzi na yuko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ndiyo maana shirika la Tesoros de Colombia lilianza kuwazalisha vyura hawa bandani na kuwauza nje kihalali, ili mnunuzi asiwe na sababu ya kumtafuta mlanguzi.

Msomaji uliyeko Ujerumani, Marekani au kwingineko ambako watu hufuga vyura hawa majumbani, ukimpenda mmoja dukani, usiulize bei kwanza. Omba hati inayoonyesha alizaliwa wapi, na kama haipo, ondoka bila kununua.