Vitanzi vya Shaba: Je, Vyote ni Sawa?

Mama mpendwa wa Kasulo, wewe unaijua shaba. Tangu mwaka 2014 watu wamechimba mashimo hata katika viwanja vya nyumba, wakitafuta kobalti, nayo hukaa pamoja na shaba. Kwa hiyo mama wengi huuliza: "Vumbi la mashimo hutudhuru. Je, shaba tumboni haitatudhuru?" Swali hili ni la haki.

Sikiliza jibu. Shaba ya kitanzi ni safi, na uzito wake haufiki gramu moja. Ile inayotoka kila siku ni kidogo kuliko ile uliyo nayo katika chakula chako. Inadhoofisha mbegu za mwanamume zisifike kwenye yai. Haiharibu maziwa ya mama. Kitanzi kikitolewa, unaweza kuchukua mimba tena upesi.

Lakini vitanzi si vya namna moja:

1. TCu380A. Umbo lake ni herufi T. Ina shaba kwenye shina na kwenye mikono yote miwili. Hufanya kazi miaka 10 au zaidi.

2. Multiload 375. Mikono yake ni laini, imepinda chini. Shaba iko kwenye shina tu. Miaka 5.

3. Nova T 380. Nayo ni T, lakini waya wake wa shaba una fedha ndani, usikatike upesi. Miaka 5.

Kipi ni bora? Waganga wamevipima. TCu380A huzuia mimba kupita vingine: katika mwaka wa kwanza, kati ya wanawake 100, wanaochukua mimba hawafiki hata mmoja. Kwa habari ya maumivu na damu nyingi, hakuna kilichoshinda vingine wazi. Chochote utakachopata, damu ya mwezi yaweza kuzidi miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Kama una upungufu wa damu, mwambie mwuguzi kwanza.

Kitanzi hakizuii SIDA wala kisonono.

Rudi hospitali upesi ukiwa na homa na maumivu makali chini ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya, au usipoona mwezi wako.

Siku ya kuwekewa, uliza mambo mawili: jina la kitanzi, na mwaka wa kukitoa. Yaandike, uyatunze, na mume wako ayajue. Mama aliye na Multiload akidhani ana miaka 10, aweza kushika mimba asiyoitazamia.