Mtambo wa Maji Taka Nyumbani: Pampu ya Hewa Isizimwe

Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani wa Kilifi haina mtandao wa umma wa mabomba ya maji taka. Kila boma hujitafutia njia. Wengi wana choo cha shimo, au tangi la septiki lenye shimo la kufyonza maji. Katika nyumba za kupangisha na za wageni zinazojengwa siku hizi, baadhi ya wenye nyumba wanafunga mitambo midogo inayosafisha maji taka kwa kupuliziwa hewa. Mtambo huo ukitunzwa, maji yanayotoka ni safi kuliko ya tangi la septiki. Ukiachwa bila kuangaliwa, hauna tofauti na shimo la kawaida, ila umegharimu pesa nyingi zaidi.

Jambo hili halimhusu mwenye nyumba peke yake. Chini ya udongo wa pwani kuna jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango madogo, na maji hupita humo upesi bila kuchujwa vya kutosha. Mara nyingi watu huambiwa waache mita 30 kati ya shimo la maji taka na kisima. Penye jiwe la aina hiyo, hata mita 30 huenda zisitoshe. Maji machafu yakifika kisimani huja na vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na anayeugua kwanza ni mtoto wa jirani anayekunywa maji yasiyochemshwa.

Mtambo unavyofanya kazi

Maji ya choo, bafu na jikoni huingia kwanza katika chumba ambamo uchafu mzito huzama na mafuta huelea. Kutoka hapo huenda kwenye chumba cha hewa. Pampu ndogo iliyo juu ya ardhi husukuma hewa kupitia bomba hadi vichwa vilivyo chini ya maji, navyo hutoa mapovu madogo mfululizo. Mapovu hayo huwapa oksijeni bakteria wanaokula uchafu. Chumba cha tatu kimetulia: tope la bakteria huzama na kurudishwa kwenye chumba cha hewa, na maji yaliyo juu huendelea mbele, mara nyingi kupitia chombo cha vidonge vya klorini, kisha hutumika bustanini au hufyonzwa ardhini.

Kwa hiyo wafanyakazi hasa wa mtambo ni bakteria, na wanahitaji kupumua usiku na mchana. Mtambo mpya huchukua wiki kadhaa kabla hawajaongezeka vya kutosha. Harufu kidogo na povu jeupe katika kipindi hicho si ajabu.

Kosa linalofanyika sana ni kuzima pampu usiku ili kuokoa stima. Pampu ya nyumba moja ya wati 80 ikifanya kazi saa 24 hutumia karibu uniti 2 kwa siku, yaani chini kidogo ya uniti 60 kwa mwezi. Si bure, na kila anayenunua tokeni anajua hivyo. Lakini oksijeni iliyomo majini huisha baada ya muda mfupi. Stima ikipotea kwa saa chache hakuna neno kubwa. Ikipotea siku nzima au zaidi, bakteria wanaohitaji hewa huanza kufa, harufu ya mayai viza hutoka, na kuwarudisha huweza kuchukua wiki. Mitambo mingine imewekewa saa ya kuwasha na kuzima pampu kwa vipindi. Hiyo iachwe kama fundi alivyoipanga.

Kuangalia kwa macho, masikio na pua

Mara moja kwa wiki, msimamizi wa nyumba asimame karibu na pampu asikilize. Mlio wa kawaida ni mngurumo mdogo usiobadilika. Ukipanda ghafla au kugongagonga, huenda kichujio cha hewa kimeziba au kiwambo cha mpira ndani ya pampu kimechanika. Vumbi na chumvi ya bahari huziba kichujio mapema, hivyo kioshwe kila baada ya miezi mitatu, na mapema zaidi kwa nyumba iliyo ufuoni au kando ya barabara ya vumbi. Kiwambo ni kitu cha kuchakaa. Kwa kawaida hubadilishwa baada ya miaka miwili au mitatu. Stima izimwe kwenye swichi kuu kabla ya kugusa chochote.

Pampu ikiwa kimya, aangaliwe kwanza mhalifu wa kawaida: swichi ya usalama iliyoruka, au sisimizi waliojenga ndani ya kisanduku cha nyaya. Swichi ikiruka tena baada ya kurudishwa, aitwe fundi wa umeme. Pampu ikiunguruma lakini hakuna mapovu, bomba la hewa limepasuka au kuchomoka, mara nyingi mahali jembe lilipopita. Mapovu yakitokea upande mmoja tu, vichwa vya upande wa pili vimeziba.

Rangi ya maji katika chumba cha hewa hueleza mengi. Kahawia kama chai ya maziwa iliyokolea, yenye harufu ya udongo wenye unyevu, ni dalili njema. Yakiwa meusi na yananuka, hewa haitoshi au uchafu umezidi. Yakiwa mepesi kama maji ya kuoshea mchele, bakteria ni wachache. Hutokea sana katika nyumba za wageni zinazokaa tupu miezi kadhaa, kisha zikajaa watu Disemba. Povu zito la kahawia huonyesha kwamba tope limezeeka na kuzidi.

Kipimo kizuri cha tope hakihitaji maabara. Msimamizi avae glavu, achote maji ya chumba cha hewa kwa kopo refu lenye mpini, ajaze chupa ya kioo ya lita moja na kuiacha itulie dakika 30. Tope likizama na kubaki chini ya nusu ya chupa, na maji ya juu yakiwa maangavu, mambo ni sawa. Likipita nusu kwa mbali, ni wakati wa kuita lori la kunyonya maji taka. Lori liwe na leseni ya NEMA, na mwenye nyumba aulize tope linamwagwa wapi. Tope lililotupwa kichakani au mtoni hurudi mtaani na mvua ya kwanza. Wanyonyaji nao wasikomбе chumba cha hewa chote. Tope kidogo libaki ili bakteria waanze upya.

Yasiyopaswa kuingia

Mafuta ya kukaangia samaki na mahamri yaachwe yapoe, yatiwe chomboni na kutupwa na taka. Pamba, pedi, nepi na vitambaa vya kujipangusia haviozi. Huziba pampu na mabomba. Dawa kali za kuua vijidudu zikimwagwa kwa wingi chooni huua pia bakteria wa mtambo. Nguo za wiki nzima zisifuliwe kwa siku moja, kwa sababu maji mengi kwa mpigo husukuma tope nje kabla halijazama. Maji ya paa nayo yasielekezwe humo. Msimu wa mvua ndefu huufurisha mtambo kwa saa chache.

Klorini inahitaji uangalifu wa pekee. Wenye mabwawa ya kuogelea hushawishika kutumia vidonge vya bwawa. Vidonge hivyo mara nyingi ni kemikali tofauti na vile vya maji taka, na vikichanganywa vyaweza kutoa gesi ya sumu, kuwaka moto au hata kulipuka. Vitumike tu vile vilivyotajwa na mtengenezaji wa mtambo.

Maji yaliyosafishwa, hata yakiwa maangavu kama ya chupa, si ya kunywa wala kuoshea vyombo. Yafaa kwa nyasi, maua na minazi. Yasimwagiliwe dhania, nyanya au mboga nyingine inayoliwa mbichi. Kwa mitambo inayomwaga maji katika mazingira, Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa uchafu unaokula oksijeni, na kiasi hichohicho kwa chembe zinazoelea. Hilo hupimwa maabara, si kwa macho.

Mtu asiingie tangini

Asiingie mwenye nyumba, wala kibarua, hata tangi likiwa limenyonywa. Gesi iliyomo huweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache, na ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kuinusa, hivyo kukosa harufu si ithibati ya usalama. Anayeruka kumwokoa mwenzake mara nyingi huanguka juu yake. Kazi ya ndani ifanywe na watu wenye vifaa vya kupumulia, kamba na msimamizi aliye nje. Vifuniko viwe vizito, vifungwe kwa bolti au kufuli, na kilichopasuka kibadilishwe siku hiyohiyo, kwani watoto huchezea juu yake.

Mkazi anayeona maji taka yakitiririka barabarani, au anayeshuku kisima chake kimeingiliwa, apeleke taarifa kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yake. Wakati akisubiri majibu, maji ya kisima hicho yachemshwe mpaka yatokote kabla ya kunywewa, na yanayotumiwa kuandalia maziwa ya mtoto pia.